Usichukue sahihi ya mtu kwenye karatasi isiyo na kichwa

Usizipeleke karatasi hizo nyumba kwa nyumba. Umeandika kwamba umepewa karatasi zenye mistari na nambari tu, uzijaze majina na sahihi kabla ya mkutano wa maoni ya bajeti katika wadi yenu, na kwamba "maelezo ya juu yatajazwa ofisini". Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu, na kila mara nimejiona mwenyewe nikishuka dikoni na bahasha ya kaki kwapani, nikidhani nimebeba maendeleo. Uliuliza pia tarehe za bajeti, namna ya kuwakalisha wazee na vijana pamoja bila kuvunjiana heshima, na kama ni sawa kupokea nauli ya mgombea. Tarehe nitazirudia hapa chini; hayo mengine siku nyingine.

Kijijini kwetu, kisiwani Pate katika kaunti ya Lamu, maji ya visima vingi yana chumvi, na tangu enzi za mababu tunategemea jabia linalokusanya mvua. Letu lilikuwa na ufa uliotosha kuingiza kidole. Masika yakilijaza, kaskazi haijaanza kuvuma kwa nguvu ndani hubaki tope na vyura. Tulikubaliana barazani, wakubwa kwa wadogo, kwamba ombi letu kwa kaunti liwe moja tu: jabia lizibwe na litiwe saruji upya. Hadi hapo tulikuwa na akili.

Ndipo akaja mkufunzi mmoja wa semina, jina lake nalisitiri, amevaa shati la mikono mirefu katika joto la Februari, akatufundisha kwamba siri ya kusikilizwa ni wingi. "Leteni majina," alisema, "maneno tutayapanga sisi." Mimi, niliyekuwa na hamu ya kuitwa kiongozi, nilikusanya majina 63. Niliwafuata wavuvi walikokuwa wakishona nyavu, nikawangoja watu mlangoni mwa msikiti, nikaingia hadi jikoni kwa shangazi zangu. Mama yangu hajui kuandika. Nilimshika mkono, nikalikandamiza dole gumba lake kwenye wino wa zambarau, na kabla hajalibandika akaniuliza: "Mbona hapa juu pameachwa peupe, mwanangu?" Nikamjibu kwa sauti ya msomi: "Ni mahudhurio tu, mama." Akabandika, kwa kuwa aliyemwambia ni mwanawe.

Mkutanoni nilisimama nikalieleza jabia kwa muda mrefu, nikashangiliwa, na mzee mmoja akanifananisha na wakili. (Wakili, hata hivyo, angekuwa ameandika.) Sikumwona mtu hata mmoja aliyenukuu neno langu. Mwaka uliofuata mafundi walifika na mabati, wakajenga dikoni kibanda cha kupumzikia abiria. Ni kizuri, sikikashifu. Tunakaa humo kivulini tukiwa na kiu.

Nilikwenda Mokowe, kwenye ofisi za kaunti, kuuliza, baada ya kungoja maji yajae ili boti ipite mkondo mwembamba wa Mkanda. Afisa aliyenipokea hakunikaripia. Alinifungulia faili kwa upole kabisa, na upole huo ndio unaoniuma hadi leo. Ripoti ilisema wakazi waliafiki kibanda kiwe kipaumbele chao. Nyuma yake zilibanwa karatasi zangu zote, na pale palipokuwa peupe palikuwa pameandikwa kwa kalamu nyeusi: "Orodha ya wakazi walioafiki mradi." Mstari wa 41 ulikuwa na dole la mama. Afisa akaniuliza kama sahihi ya mstari wa kwanza ni yangu. Njia nzima nilikuwa nimetunga hotuba. Pale mezani nilibaki na neno moja tu, nalo lilikuwa "ndiyo".

Mkufunzi nilimpigia simu mara nne. Ya tano akapokea, akaniambia kwamba mchakato ulifuatwa. Kama mchakato ungekuwa maji, kijiji chetu kingekuwa kinaoga mara mbili kwa siku. Hakuja kuona kibanda wala jabia, lakini nina hakika semina ile ameifundisha kwingineko, na huenda karatasi ulizo nazo zimetoka kwenye mkoba uleule.

Sisi wa Lamu, zaidi ya wengine, tulipaswa kujua tofauti ya kuhudhuria na kushirikishwa. Mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, wa megawati 1,050, ulifutiwa leseni ya mazingira na Baraza la Rufaa la Mazingira tarehe 26 Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilikuwa imefanyika, lakini ilifanyika kabla ya utafiti kukamilika, kwa hiyo watu walikutanishwa bila kupewa kile walichopaswa kukitolea maoni. Kesi ile, hata hivyo, ilikuwa na mawakili na watu waliovumilia miaka. Jabia halina wakili, na mimi nilikuwa nimeshaandaa ushahidi wa upande wa pili kwa mkono wangu.

Kwa hiyo andika ombi lenu lote juu ya kila ukurasa, si ule wa kwanza peke yake, kabla ya sahihi ya kwanza: "Sisi wakazi wa mahali fulani tunaomba jambo fulani," pamoja na tarehe. Lisome kwa sauti mbele ya kila anayetia sahihi, hasa asiyejua kusoma. Toa nakala mbili, moja uiache ofisini na nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe na jina la aliyepokea, kisha urudi nayo nyumbani. Ibara ya 37 ya Katiba ya Kenya inakupa haki ya kuwasilisha ombi kwa mamlaka ya umma. Ukitaka kuona ripoti waliyoiandika kuhusu mkutano wenu, iombe kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inawapa siku 21 za kukujibu. Mimi nilikwenda kuiona ripoti wakati kibanda kimeshaezekwa.

Tarehe ulizouliza: mkakati wa fedha wa kaunti huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na bajeti hupitishwa kufikia 30 Juni. Ombi lenu na lifike kabla ya Februari kwisha, kwa maana kufikia Aprili miradi mingi huwa imeshapata majina.

Jabia tulikuja kuliziba wenyewe kwa mchango, na ufa bado hutoa jasho. Mama hajanilaumu hata siku moja, ila sasa nikimpelekea karatasi yoyote, hata ya dawa, huiweka mkekani na kuniambia nimsomee kuanzia juu kabisa. Hizo ulizo nazo, ziandike kichwa usiku huu. Wakizikataa kwa sababu zina kichwa, rudi hapa utuambie.