Uliza Tukujibu: Hivi Highbury ilibomolewa au bado ipo?

SWALI: Kaka wa viwanja, shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi mambo. Mimi ni Arsenal damu damu, nimemwangalia Thierry Henry banda umiza tangu niko mdogo naingia kwa kuchungulia. Sasa juzi binamu yangu yuko London kanitumia picha ya bustani, nyasi na vimiti, pembeni magorofa yana madirisha makubwa, kaandika "hapa ndo Henry alikuwa anawatesa watu". Nikamwambia acha kamba, akaapa. Hebu niambie, Highbury, uwanja wetu wa zamani, ilibomolewa au ipo, na kama ipo kwanini walihama uwanja mzuri vile? – Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba mdogo wangu, maana nadhani nimekuzidi. Binamu yako hajakupiga kamba, ile bustani ndo pichi yenyewe na yale magorofa mawili marefu ya pembeni ni majukwaa, yaani kuna watu sahivi wanapika chai pale ambapo wenzao walikuwa wanapiga kelele za offside. Panaitwa Highbury Square, ni fleti mia kadhaa, zimekamilika 2009.

Ili uelewe kwanini ikaishia hivyo lazima urudi mwanzo. Arsenal sio timu ya kaskazini mwa London kwa kuzaliwa, ilikuwa huko Plumstead, kusini mashariki, watu hawaji mechi na hela hamna. Mwaka 1913 mwenyekiti Henry Norris akaihamisha, akakodi viwanja vya michezo vya chuo cha dini pale Highbury, miaka 21 kwa pauni 20,000, na wale watu wa Mungu wakamwekea sharti hakuna mechi Krismasi wala Ijumaa Kuu. Ramani ilichorwa na Archibald Leitch, fundi aliyechora viwanja kibao vya Uingereza enzi hizo. Mechi ya kwanza 6 Septemba 1913, wakamfunga Leicester Fosse 2-1 huku ujenzi haujaisha, na inasimuliwa kwamba George Jobey aliyefunga goli la kwanza la Arsenal pale aliumia akarudishwa kwake na mkokoteni wa muuza maziwa.

Shida ni kwamba ule uwanja umezungukwa na nyumba za watu pande zote, sio kama viwanja vyetu ambavyo nje kuna parking ya kuchezea mpira mwingine, pale ukitoka geti la Avenell Road unagonga mlango wa jirani. Alafu kilichofanya Highbury ipendeze nacho kikaja kuibana. Miaka ya 1930 Arsenal ilikuwa inabeba makombe, kocha ni Herbert Chapman, wakamwita arkitekti Claude Waterlow Ferrier, akajenga jukwaa la magharibi lililofunguliwa 1932. La mashariki likafuata 1936, limekamilishwa na mwenzake William Binnie maana Ferrier alishafariki 1935. Wakajenga kwa staili ya art deco, ukuta mweupe, mistari iliyonyooka, madirisha marefu. Ukisimama Avenell Road usingejua ni uwanja, ungesema ni ofisi za serikali au sinema, isipokuwa juu kuna herufi za AFC na mzinga, nembo ya klabu. Ndani ya mlango mkubwa kuna ukumbi, sakafuni umechorwa mzinga, na pembeni sanamu ya kichwa cha Chapman iliyotengenezwa na Jacob Epstein. Waingereza wanaziita zile kumbi za marumaru, lakini ukweli ni terazo, terazo ile ile unayoiona kwenye ngazi za magorofa ya zamani Kariakoo. Mi nilipojua hilo nilicheka sana.

Sasa huo uzuri ndo ukawa kitanzi. Mwaka 1935 waliwahi kuingia watu 73,295 siku walipocheza na Sunderland, wengi wamesimama. Baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough 1989, mashabiki walipokufa kwa kubanana, viwanja vikubwa vikalazimishwa viti tupu, hakuna kusimama, kwahiyo North Bank, jukwaa la nyuma ya goli la kaskazini, ikabomolewa ikajengwa upya, ikafunguliwa 1993. (Wakati wa ujenzi waliziba kwa pazia kubwa lililochorwa maelfu ya mashabiki, ikagundulika hamna hata sura moja nyeusi, na timu imejaa wachezaji weusi kina Ian Wright! Ikabidi wachore upya.) Baada ya hapo uwanja unachukua watu elfu 38 na kitu tu. Uongeze wapi? Nyuma kuna nyumba za watu, na jukwaa la mashariki likawekwa kwenye orodha ya majengo ya kihistoria 1997, yaani kama nyumba ya Mji Mkongwe, huwezi kuamka asubuhi ukaivunja. Wakajaribu kupeleka mechi za Ligi ya Mabingwa Wembley misimu miwili, watu wakajaa zaidi ya elfu 70, hapo mabosi wakaona hela waliyokuwa wanaikosa.

Basi wakahamia Ashburton Grove, kama nusu kilomita tu, palipokuwa na kituo cha kushughulikia taka za mtaa, wakajenga Emirates kwa karibu pauni milioni 390, viti elfu 60. Highbury ikaagwa 7 Mei 2006, Wigan akala 4-2, Thierry Henry akapiga hatritiki na baada ya goli la tatu, la penati, akapiga magoti akabusu nyasi. Majukwaa ya nyuma ya magoli yote mawili yakabomolewa, la mashariki likabaki kwa sheria, na la magharibi wakabakisha ukuta wa mbele. Na kwa vile lile jengo lilishakuwa na sura ya nyumba, kuligeuza fleti haikuwa ajabu sana, jaribu kufanya hivyo na uwanja wa kawaida uone.

Mwambie binamu akishuka stesheni ya treni ya Arsenal aangalie ukutani kule chini, vigae bado vimeandikwa Gillespie Road, jina la kabla ya 1932.

SWALI: Kwanini mechi za Ulaya wanaandika Arsenal Stadium na sio Emirates? – Dada wa Kisauni, Mombasa

JIBU: Dada yangu, UEFA, wasimamizi wa soka la Ulaya, hawataki jina la kampuni ambayo sio mdhamini wao. Hata Highbury jina lake rasmi lilikuwa hilo hilo, Arsenal Stadium. Na kwa kukuchekesha tu, goli la kwanza la ligi pale Emirates hakufunga mtu wa Arsenal, alifunga Olof Mellberg wa Aston Villa, 19 Agosti 2006, mpaka Gilberto Silva akaja kuchomoa dakika za mwisho.