Mafuta ya safari ya nje ya lami: kilomita peke yake zitakudanganya

Wengi kabla ya kuingia porini hupiga hesabu ya mstari mmoja: kilomita za kwenye ramani, mara lita ambazo gari hula kwa kila kilomita 100, basi. Kwenye lami hesabu hiyo inatosha. Ukishaacha lami, umbali unakuwa sehemu ndogo tu ya habari. Gari linalopanda mawe kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa linaunguruma kutwa nzima huku kilomita hazisogei, na kwenye mchanga laini injini inafanya kazi mara mbili ili gari litembee pale pale ambapo kwenye lami lingejiendea lenyewe. Kwa hiyo njia igawe vipande kulingana na ardhi. Vile vinavyopitika kwa mwendo wa kawaida vihesabu kwa kilomita, na vile vya kutambaa vihesabu kwa saa.

Kabla ya hapo ni lazima ulijue gari lako, na takwimu ya kitabu cha gari hapa haina msaada. Ile ilipimwa gari likiwa tupu, matairi ya kiwandani, bila keria, bila tangi la maji. Pima mwenyewe gari likiwa limepakiwa kama litakavyosafiri. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, usiendelee kushindilia. Endesha kilomita 200 au zaidi kwenye aina moja ya barabara, rudi kwenye pampu ile ile, simamisha gari mahali pale pale, jaza tena mpaka ijikate. Gawa lita ulizoongeza kwa kilomita ulizotembea, zidisha kwa 100. Kilomita 50 hazitoshi, maana tofauti ya lita moja wakati wa kujaza, ambayo ni ya kawaida kabisa gari likiinama kidogo, inaharibu jibu zima.

Kipande cha kutambaa hakipimiki vizuri hivyo, kwa sababu ni nadra kupata pampu mwanzoni na mwishoni mwa mawe. Hapo tumia dumu na mizani ya kuning'iniza. Jaza tangi mpaka alama unayoiona shingoni, fanya saa mbili za njia ngumu ukiwa kwenye 4L (gia nzito ya magurudumu yote manne), rudi sehemu tambarare, kisha ongeza kutoka kwenye dumu ulilolipima uzito mpaka alama ile ile. Pima dumu tena. Lita moja ya dizeli ina uzito wa takriban kilo 0.84, ya petroli takriban 0.74. Dizeli ikipungua kilo 5.9 umetumia lita 7, yaani lita 3.5 kwa saa. Namba hii wengi hawana, na ndiyo inayowaangusha.

Jihadhari na kipima kilomita chenyewe. Ukitoa matairi ya inchi 31 ukaweka ya inchi 33, kila kilomita 100 inazosoma dashibodi ni kama 106 za kweli, hivyo gari litaonekana mlafi kuliko lilivyo. Kwenye mchanga mambo yanageuka: matairi yakizunguka bure, dashibodi inaongeza kilomita ambazo gari halikutembea. Linganisha na GPS mara moja, uandike tofauti.

Sasa tuweke mfano mezani. Gari la dizeli, tangi la lita 90, njia ya kilomita 580. Lami ni kilomita 200, kwa lita 12 kila kilomita 100: lita 24. Barabara ya vumbi kilomita 240, kwa lita 15: lita 36. Mchanga mzito kilomita 80, kwa lita 22: lita 17.6. Mawe na korongo kilomita 60, mwendo wa kilomita 10 kwa saa, kwa hiyo saa 6 mara lita 3.5: lita 21. Jumla lita 98.6. Ongeza asilimia 10 ya kupotea, kuzunguka mti ulioanguka na kurudi nyuma kutafuta kivuko, tunafika 108.5. Ongeza lita 4 za injini kuunguruma gari limesimama: kujaza upepo, kuvuta kwa winchi, kuchaji betri. Ni 112.5. Juu yake weka akiba ya asilimia 25, tunapata kama lita 141.

Mwenye hesabu ya mstari mmoja angezidisha kilomita 580 kwa lita 12, akapata lita 69.6, akaondoka na tangi moja akijiona ana lita 20 za ziada. Na hata hizo 90 hazitumiki zote. Chini ya tangi kuna mafuta ambayo bomba la kuvuta haliyafikii, na gari likiwa kwenye mteremko mkali au limelala ubavu, kiasi hicho kinaongezeka. Geji inaonyesha bado yapo, injini inakohoa. Ondoa lita 5 angalau. Zinabaki 85, na zinazopungua ni 56: madumu matatu ya lita 20.

Robo ya mwisho ya tangi mimi siihesabu kuwa akiba. Magari mengi ya petroli yana pampu ndani ya tangi inayopozwa na mafuta yenyewe, na kuliendesha kwa muda mrefu tangi likiwa karibu tupu kunaichosha. Dizeli ikivuta hewa, huenda ukalazimika kutoa upepo kwenye mfumo kabla injini haijawaka tena, kazi usiyoitaka jua la saa nane mchana likiwa kichwani.

Namba za mchanga ndizo zinazoyumba zaidi, na sababu kubwa ni upepo wa matairi. Ukiingia mchanga laini na psi 35, tairi linachimba, injini inapambana, na matumizi yanaweza kupita mara mbili ya yale ya lami. Ukishusha hadi psi 16 au 18, tairi linatanuka, linaelea juu, na ulafi unashuka papo hapo. Ukirudi kwenye barabara ngumu jaza tena haraka, maana tairi lenye upepo mdogo kwenye mwendo mkubwa linapata moto, linapasuka, na bado linakula mafuta. Saa nayo ina mchango wake. Mchanga wa alfajiri ni mgumu kuliko wa mchana uliochomwa na jua, kwa hiyo kipande hicho kipange asubuhi ikiwezekana. Matope sina namba ya kumpa mtu. Mvua ikinyesha, kipande cha vumbi kihesabu kwa kiwango cha mchanga, na usiondoe akiba.

Mizigo ya juu ya keria inakula mafuta kwa njia mbili, uzito na upepo, lakini upepo unahusika zaidi kwenye lami. Ndiyo maana watu hushangaa kuona kipande cha lami kimekula kuliko walivyopima. Kwenye miinuko, injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo utakaa gia za chini muda mrefu zaidi.

Madumu sasa. Usijaze dumu la lita 20 mpaka mdomoni, weka 19. Petroli hutanuka karibu asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo iliyojazwa asubuhi ya baridi ikafika nyuzi 25 zaidi mchana inadai karibu nusu lita ya nafasi. Wakati wa kujaza, shusha dumu chini kwenye ardhi na ugusishe mdomo wa bomba la pampu kwenye shingo ya dumu. Ukilijaza likiwa limekaa kwenye plastiki au zulia la bodi, umeme tuli unaweza kuruka na kuwasha mvuke. Madumu ya mafuta ya kula na maji hayafai kwa petroli. Usibebe mafuta ndani ya kabini, wala usiyapandishe juu ya keria kama kuna nafasi nyingine: madumu matatu ya chuma yenye dizeli ni kama kilo 60, na uzito huo ukiwa juu gari linapinduka kirahisi zaidi kwenye mteremko wa pembeni.

Mara tangi linapopata nafasi ya lita 20, mimina dumu la kwanza. Uzito unashuka chini ya gari, na ukigundua dumu lilikuwa linavuja, umegundua mapema. La mwisho usilimimine mpaka ulazimike. Jiwe likitoboa tangi, au ukijaza mafuta yenye maji kwenye kituo cha njiani, hilo dumu ndilo litakalokutoa. Tumia faneli yenye chujio, na uache kina cha vidole viwili chini ya dumu kama limekaa siku nyingi. Uchafu na maji hutulia huko.

Njiani andika kila mwisho wa kipande: lita zilizopangwa, lita zilizokwenda. Ukimaliza theluthi ya njia na umezidisha kwa asilimia 20, usijifariji kwamba mbele kutakuwa kwepesi. Zidisha kilichobaki kwa 1.2, uone kama akiba bado ipo.

Kama ni njia ya kwenda na kurudi ile ile, kuna namba moja ya kubandika kwenye dashibodi. Chukua mafuta yote yanayotumika, gawa kwa 2.5. Kwa mfano wetu, lita 85 za tangi na 57 za madumu ni 142, ukigawa unapata 57 hivi. Zikitumika lita 57, geuza gari hata kama unakokwenda kunaonekana kwa macho. Nambari hii inachukulia kwamba kurudi ni sawa na kwenda. Kama ulikuja kwa kuteremka na utarudi kwa kupanda mchanga, gawa kwa 3.

Mkienda magari kadhaa, kila gari lipigiwe hesabu yake, na mwendo upangwe na lile lenye masafa mafupi. Msafara wenye petroli na dizeli hauwezi kuazimana, kwa hiyo madumu yaandikwe kwa rangi kubwa pande zote mbili, maana atakayemimina usiku kwa tochi huenda si yeye aliyeyajaza.