Watoto wanapotea baada ya mechi moja

SWALI: Tumeanzisha klabu ya chesi hapa Kondele, Kisumu. Jumamosi ya kwanza walikuja watoto 14, ya tatu wakabaki 6. Tunacheza kwa mtoano. Tatizo ni nini? – Mwalimu, Kondele

JIBU: Mwalimu, tatizo ni huo mtoano. Saba walifungwa raundi ya kwanza wakabaki kutazama. Nani atatoka nyumbani Jumamosi aje kutazama?

Tumia mfumo wa Uswisi. Hakuna anayetolewa: kila raundi, wenye pointi sawa au zinazokaribiana wanakutana, na hakuna wawili wanaorudiana. Ushindi ni pointi 1, sare nusu. Wakiwa 13, mmoja wa chini anapumzika na kupewa pointi 1, ila asipumzike mara mbili. Raundi 5 zinatosha. Mpe kila mchezaji dakika 10 na sekunde 5 za nyongeza kwa kila hatua. Mkianza saa nane, saa kumi na moja mmemaliza. Simu yenye programu ya saa ya chesi inafaa kabisa.

Watoto 14 wanahitaji mbao 7. Nunua za kukunja kama mkeka, miraba ya sentimita 5 hivi, na malkia wa akiba. Kete hupotea, hilo halizuiliki.

Kisha wafundishe kumaliza mchezo. Mfalme mweusi akiwa peke yake kwenye mraba wa kona, a8 (herufi ni safu wima, namba ni mstari), malkia mweupe akitua mraba wa b6 bila kumshambulia, mweusi hana pa kwenda: ni sare. Ushindi mwingi wa wanaoanza huishia hapo.