Barua kwa mwanangu: Lile shati la kaka yako

Binti yangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Newala tu wazima. Ukungu wa Juni umetoka na upepo umeanza, kwa hiyo dawa ya mikorosho, salfa, tumeiacha mpaka kesho alfajiri. Ndiyo maana nimepata nafasi ya kukujibu.

Unasema hadithi yako ya vijana imekwama, kwa kuwa yule binti aliyefiwa na kaka yake hujui utamponyaje. Halafu ukaniuliza swali ambalo nadhani umelibeba tangu 2011, ulipokuwa na miaka 13: kwa nini nilimpa rafiki wa kaka yako lile shati, na kwa nini nilimwita kwa jina la marehemu nawe unasikia.

Shati sikumpa mimi. Siku ya arobaini aliyegawa nguo ni mjomba wako, kama ilivyo kwetu. Baba hapo ni mtazamaji. Lile la mistari ya bluu lilibaki mkekani kwa sababu kola ilichanika. Kijana akalitazama, mjomba akamrushia. Nami nilikuwa barazani, natamani ninyanyuke nimnyang'anye. Hilo hukulijua.

Mwaka ule sikupulizia. Kazi hiyo ilikuwa ya kaka yako, mimi nasikia tu mashine ikinguruma kutoka nyumbani. Alipotutoka Mei, mashine ikakaa stoo. Ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia kwenye maua ya mikorosho, yakawa kama yamemwagiwa unga, yakanyauka. Watu walikuja, wakaniambia nijikaze. Neno hilo silipendi mpaka leo. Mtu anakwambia ujikaze, kisha anaaga.

Yule kijana hakusema. Oktoba, zile korosho chache zilizonusurika zilipoanza kudondoka, nilimkuta shambani kumepambazuka tu, keshaanza kuokota. Ananyonga korosho, anaacha bibo, anatupia ndooni, anahamia mti mwingine. Wiki nzima maneno yetu yalikuwa "huku bado" na "maji yameisha". Siku moja tumepumzika, akaniambia kwamba kaka yako alikuwa akifika kwenye mikorosho ya mpakani, anaiweka mashine chini ikinguruma, yeye analala, ili mimi nyumbani nijue kazi inaendelea.

Miaka yote nilikuwa nailaumu salfa, nasema ya dukani imechakachuliwa, mbona mikorosho ya mpakani haizai! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimecheka tangu Mei. Kumbe mwanangu alikuwa na mambo mengi nisiyoyajua, na huyu kijana anayo, na anayatoa moja moja.

Mikorosho ile tuliipanda mita 12 kwa 12, mtu unamwona kwa mbali, anapotea nyuma ya shina, anatokea. Niliona mistari ya bluu nikaita. Jina lilinitoka lenyewe. Akaitika, "Naam, baba," akaja, akachukua ndoo yangu iliyojaa. Hakunisahihisha, nami sikumwomba radhi. Wewe ulikuwa umetuletea uji. Ukauweka chini, ukageuka. Nilikuona. Nilipaswa kukufuata, nikabaki naokota.

Hapo nilikukosea, mwanangu, unisamehe. Nilipata mwenzangu wa kushinda naye, nikasahau kwamba na wewe umefiwa na huna wa kushinda naye. Mambo ya kutunga siyajui, ila usimletee binti yako mzee wa kumpa maneno mazuri. Mletee mtu mwenye ndoo. Na kama baba yake yumo humo, mfanye ainuke amfuate.

Kijana mwenyewe sasa ana watoto watatu, na mashine anaibeba yeye. Jana nilimsomea swali lako. Akanyamaza kidogo, kisha akasema shati limebaki kipande, mkewe anashikia sufuria. Kama unakitaka atakituma kwa basi la Jumatatu. Nimemwambia akifue kwanza.

Baba yako