Mtaji wa milioni tatu na michezo ya mezani Dar: niliyoyaona mimi

Mkuu, umeuliza mambo matatu: kama milioni tatu zinatosha kuagiza michezo ya mezani kutoka China, kama ni kweli bei za kule zimeporomoka baada ya ushuru wa Wamarekani, na kama ufungue Sinza au Mikocheni. Mmoja hapo juu ameshakujibu kwamba Wabongo hawapendi michezo ya kufikiri. Huyo niachie mimi, nitamrudia. Biashara hii nimeifanya tangu 2021, hasara nimekula ya kutosha, na bado nipo.

Nianze na China, maana hapo ndipo hela yako itakapoyeyuka haraka. Ni kweli kwamba Aprili 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa za China hadi asilimia 145, na sehemu kubwa ya michezo unayoiona mtandaoni inatengenezwa China. Kampuni kadhaa za michezo za Marekani zilisimamisha kazi viwandani China, nyingine zikaacha mzigo umelala ghalani, nyingine zikapunguza watu. Mwezi uliofuata ushuru ukashushwa hadi asilimia 30, lakini wadogo walikuwa wameshaumia. Sasa wewe umesikia "mzigo umelala" ukadhani ni mzigo wa kuokota. Ule mzigo una mwenyewe, ambaye alilipia. Kiwanda hakiwezi kukuchomolea katoni mbili eti kwa sababu Mmarekani amekwama. Ukitaka watengeneze mchezo wako mwenyewe, viwanda vya maana kwa kawaida vinaanzia nakala elfu moja hivi. Na yale maboksi ya nusu bei unayotumiwa picha WhatsApp ni feki. Nilinunua moja, la Catan, mchezo wa kukusanya mali na kujenga. Karata nyembamba kama kava la daftari, na rangi ya ngano na ya udongo huwezi kuzitofautisha ikishafika jioni.

Halisi nako kuna yake. Catan nililiagiza kwa kama dola 50. Weka usafiri, weka ushuru wa forodha (bidhaa iliyokamilika ikiingia Afrika Mashariki huangukia asilimia 25, au 35 kwa baadhi), halafu VAT ya asilimia 18 inayopigwa juu ya vyote hivyo. Boksi lilinifikia mkononi kwa laki mbili na ushee. Mwaka wa kwanza niliuza manne. Matatu yalichukuliwa na watu waliowahi kuishi nje, la nne alichukua shemeji yangu, na hadi leo hajamalizia kulipa.

Usiniulize habari za kuwa wakala wa makampuni makubwa. Asmodee tu, kampuni kubwa ya michezo ya mezani ya Ufaransa, ilinunuliwa na Embracer ya Sweden kwa euro bilioni 2.75, na Februari 2025 ikatengwa tena na kuorodheshwa soko la hisa la Stockholm. Wewe na mimi tukiandika barua pepe kuomba maboksi ishirini, nani ataifungua?

Sasa twende kwenye kilichonifundisha kazi. Chumba changu cha kwanza kilikuwa Mikocheni: meza sita, kiyoyozi, kodi ya miezi sita mbele. Watu walikuja, wakapiga picha, wakanunua maji, wakaondoka. Hela ilipokata nikabeba Catan langu nikaenda nalo kwenye kijiwe cha kahawa Sinza, karibu na ninapokaa, ambako kila jioni kuna drafti la visoda kwenye plaiwudi. Nikawakalisha wanne. Ndani ya dakika tano waliosimama nyuma yao walikuwa tisa.

Kwa asiyelijua, Catan unakusanya karata za ngano, kondoo, mbao, matofali na mawe, unazificha mkononi, unabadilishana na wenzako ili ujenge. Basi sikia kilichotokea. Kijana mmoja anaomba ngano, mara mzee nyuma yake anapaza sauti: "Usimpe huyo! Ana kondoo watatu, nimewaona mimi!" Mwingine anamnong'oneza mchezaji wa pili, wa tatu anakasirika, anageuza kiti aketi mgongo ukutani. Saa nzima imepita, mchezo haujafika nusu. Pale kijiweni sheria ni moja, aliyefungwa anapisha, na goli la drafti halizidi dakika kumi. Kulikuwa na watu saba wanasubiri zamu, na hakuna aliyefungwa! Muuza kahawa ndiye aliyenivuta pembeni: "Mwanangu, hili boksi lako linaniulia biashara."

Nilikaa na jambo hilo siku nyingi. Catan lilitoka 1995, mwenye kulibuni ni Klaus Teuber, Mjerumani aliyekuwa fundi wa meno bandia, akiufanyia majaribio nyumbani na mkewe na watoto. Na hobi yenyewe imekulia huko. Maonesho ya michezo ya mezani ya Essen, Ujerumani, yapo tangu 1983, na mwaka 2024 yalipata wageni zaidi ya 200,000. Ni michezo ya sebuleni, mlango umefungwa, nje baridi, na hakuna mtu amesimama begani kwako. Ya kwetu imekulia barazani. Drafti na bao kila kitu kipo wazi, kwa hiyo anayetazama naye anacheza, na kwa kelele kuliko anayecheza. Utaniambia albastini je, karata si zinafichwa? Kweli, lakini pale adabu imeshajengeka kwa miaka. Ukimwaga siri ya mtu unafukuzwa, na mkono mmoja unaisha upesi.

Tangu hapo nikawa naulizia kitu kimoja kabla ya kununua mchezo: aliyesimama ataona nini? Carcassonne ndilo lililoshika. Vigae 72, unachomoa kimoja, unakiweka mezani mbele ya watu wote, miji na barabara zinakua. Hakuna cha kuficha. Watazamaji wakaanza kugombana wao kwa wao kigae kikae wapi, "funga mji, funga mji!", na mchezaji akiamua vingine anazomewa. Vile vijitu vya mbao ambavyo mchezaji huviweka juu ya vigae wakaviita wajumbe. Mkulima, ambaye kwa kanuni analazwa chali shambani, wakamwita mjumbe aliyelewa. Kanuni nilizifupisha kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, nikaipiga laminesheni steshenari.

Na hapa ndipo namrudia yule bwana wa "Wabongo hawapendi kufikiri". Kaka, bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, unaanza kwa kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi, ndipo uingie hatua ya mtaji, ya kucheza na zilizomo ubaoni, na lile shimo liitwalo nyumba lina kanuni zake peke yake. Kuna mzee pale kijiweni anakwambia kete ya mwisho itaangukia wapi kabla hajanyanyua mkono. Mtu huyohuyo mpe kitabu cha kurasa kumi na sita cha Kiingereza kabla hajagusa chochote, ataomba kahawa na kuondoka, na hata mimi ningeondoka.

Hela yenyewe sasa. Alhamisi na Jumapili nina kona kwenye mgahawa wa mama mmoja, kiti shilingi 3,000 pamoja na juisi, tunagawana. Bonanza za ofisini nakodisha meza kwa siku. Na kinachonilipa kuliko vyote, utacheka, ni mabao ya mninga na meza za drafti ninazochongesha Keko. Milioni tatu yako ningeigawa hivi: maboksi matano au sita tu, yote ya wazi na mafupi, inayobaki mbao na viti.

Jambo la mwisho, usiweke pesa mezani, hata ya soda. Mwaka jana mtu alitupita akaona dadu, karata na noti za kuchezea, akaenda kusema tunachezesha kamari. Kamari ina sheria yake na leseni yake, hutaki kujieleza huko. Mjumbe wa mtaa alikuja usiku, amekunja sura, ikabidi nimkalishe nimwonyeshe zile noti moja moja. Akaona Carcassonne pembeni, akauliza hivi vijitu vinaitwaje.

Nilimwambia ni askari.

Kwa hiyo Sinza, mkuu, kama utapata baraza. Mikocheni waachie wenye viyoyozi.