Laini ya kukodi ikisuasua, andika saa kwanza

Laini ya kukodi ni njia ya data ambayo ofisi humlipa mtoa huduma iwe yake peke yake. Ikifa kabisa haina shida kubwa: unapiga simu, fundi anakuja na kuikuta imekufa. Inayochosha ni ile inayosuasua kwa dakika chache kisha ikatulia. Mafundi wa mtoa huduma wanakuja, wanapima, wanaikuta safi, wanafunga tiketi, yaani rekodi ya malalamiko yako. Wakishaondoka tu, wahasibu wanaanza tena kulalamika. Nimehudumia mitandao ya ofisi kadhaa hapa Tanga, nyingi za uwakala wa forodha, na ushauri wangu ni huu: kabla hujagusa waya wowote, anza kuandika saa.

Ingia kwenye ruta utazame kaunta za makosa za intafesi inayopokea laini. Namba zile hujumlishwa tangu ruta ilipowashwa au kaunta ziliposafishwa, kwa hiyo makosa elfu kumi ya CRC (pakiti za data zilizofika zimeharibika) hayakuambii kitu kama hujui yameingia lini. Zisafishe, kisha zisomwe kila saa, usiku na mchana. Programu ndogo kwenye kompyuta itakufanyia kazi hiyo. Hakikisha saa ya ruta ni sahihi, maana ruta nyingi husahau tarehe umeme ukikatika. Na ukimwandikia mtoa huduma, tumia saa 24. "Saa kumi" yako ya alfajiri mwingine ataisoma 10:00, akapekua kumbukumbu za wakati ambao hapakuwa na tatizo.

Ofisi moja ya Chumbageni ilikuwa na laini ya shaba. Orodha yetu ilionyesha makosa yanapanda alfajiri, yanapungua jua likishachomoza, na adhuhuri hakuna hata moja. Masika yalipoanza, yakawa kutwa. Tukafungua kisanduku cha maungio kilichokuwa ukutani nje, upande wa jengo letu wenyewe. Mpira wa mfuniko ulikuwa umepasuka, na jozi moja ya nyaya imeota kutu ya kijani inayobaki kidoleni kama unga. Chumvi ya hewa ya bahari hufyonza unyevu. Usiku ungio linalowa na mawimbi yanaharibika, mchana linakauka na laini inapona. Fundi anayekuja saa sita mchana hawezi kuliona hilo hata awe hodari vipi. Tulikata sehemu iliyoliwa, tukaunga upya kwa viungio vyenye jeli na kuweka kisanduku kipya kisichopitisha maji.

Makosa yasiyojali mvua wala jua, yanayokuja kwa vipindi vinavyolingana, yana sababu nyingine. Kwenye laini ya E1, aina ya laini ya kidijitali yenye kasi ya kilobiti 2,048 kwa sekunde, pande zote mbili lazima zifuate mapigo ya chanzo kimoja, yanayopanga kila biti ipite lini. Ruta ikitumia mapigo yake yenyewe badala ya kufuata ya laini, biti huteleza kidogo kidogo hadi fremu nzima, yaani fungu zima la biti, inapotea. Hapo ni kurekebisha mpangilio wa ruta tu.

Makosa yakiongezeka watu wanapotumia mtandao kwa wingi, na unaunganishwa kwa Etheneti, angalia dupleksi: kamili hutuma na kupokea kwa wakati mmoja, nusu hufanya kwa zamu. Upande mmoja ukifungwa kwenye dupleksi kamili na mwingine ukaachwa ujichagulie wenyewe, huo wa pili huangukia dupleksi nusu. Kupingi kidogo kidogo, yaani kutuma ujumbe mdogo wa majaribio na kusubiri jibu, kutakuonyesha hali safi. Faili kubwa likipita, vurugu zinaanza. Kwa faiba, safisha kwanza ncha za kiunganishi na utazame kama waya haujakunjwa nyuma ya kabati.

Ukibadilisha vifaa, badilisha kimoja, kisha subiri mpaka saa yake mbaya ipite. Kubadilisha waya, ruta na modemu kwa pamoja kunaweza kuponya laini na kukuacha hujui kilichoiponya, na mimi sipendi kazi ya namna hiyo hata kidogo.

Kumbuka pia kwamba kaunta za mapokezi huhesabu yanayoingia kwako tu. Mwombe mtoa huduma akupe namba za ruta iliyo upande wa pili. Makosa yakionekana upande mmoja pekee, mmeshapunguza nusu ya mahali pa kutafuta. Kisha mkubaliane mfunge kitanzi kwenye modemu, kikitazama ruta yako, ili data inayotoka kwenye ruta irudishwe kwake yenyewe. Makosa yakiendelea, yako ndani kwako. Yakikoma, kitanzi kisogezwe mbele kuelekea kituo chao. Tuma tiketi ikiwa na orodha yako ya saa, na udai kipimo kiachwe kwenye laini saa 24 nzima, alfajiri ikiwemo.