Maswali ya Washonaji: Kaftani kwa Doti Moja ya Khanga

Swali: Mimi ni msomaji wa Tanga. Nina cherehani ya mkono niliyoachiwa na mama mkubwa, lakini sijawahi kushona zaidi ya foronya na mapazia. Nimenunua doti ya khanga na ninataka gauni pana la kuvaa nyumbani. Nilijaribu kwanza kwa shuka kuukuu: nikalikunja katikati, nikakata shingo, ikawa pana mno hata gauni likawa linateremka begani. Tena nimegundua kwamba nikiikunja khanga namna ile, jina la upande wa mgongoni litakaa juu chini. Nifanye nini?

Jibu: Dada yangu, umefanya vyema kujaribu kwa shuka kabla ya kuitia khanga mkasi. Doti ni khanga mbili zenye mji (uwanja wa katikati), pindo na jina lilelile, na kila moja ina upana wa takriban sentimita 150 na kimo cha 110 hivi. Kwa hiyo usikunje chochote. Khanga moja iwe badani ya mbele na nyingine iwe badani ya nyuma, zote zikiwa wima, na jina litasomeka sawasawa mbele na nyuma, karibu na miundi. Kimo hicho, kikianzia begani, humfikia mwanamke wa urefu wa kawaida chini ya magoti, na upana wake humfikia karibu na vifundo vya mikono, basi hutahitaji kukata mikono wala kuiunga.

Tenganisha doti, kisha pinda zile ncha fupi zilizokatwa, kwa kuwa ndizo zinazochanika nyuzi. Kingo ndefu za juu na chini zimefungwa kiwandani na unaweza kuziacha zilivyo. Laza khanga zako zikitazamana kwa ndani, yaani upande wa uzuri kwa upande wa uzuri, utie alama ya chaki katikati ya ukingo wa juu. Shona bega la kulia na la kushoto kutoka nje kuelekea katikati, ukiacha sentimita 1 ya mshono, na katikati uache uwazi wa sentimita 30 bila kushona.

Sasa igeuze uivae. Uwazi wa sentimita 30 una mzunguko wa 60, na vichwa vingi vya watu wazima havizidi 58, kwa hiyo kitapita. Umekwisha kupata shingo bila kukata hata uzi mmoja, na wako wanaoipenda hivyohivyo, ikiwa imenyooka kutoka bega hadi bega. Ikiwa inakubana kooni, punguza uwazi kwa kushona mabega hadi ubaki sentimita 24, kisha chora duara jepesi kwenye badani ya mbele tu, lenye kina cha sentimita 7, ukate hapo. Usizidishe, kwa sababu ukitia kaba, yaani kipande cha kitambaa kinachozunguka shingo kwa ndani, mshono wake utakula sentimita 1 nyingine na shingo itakuwa kubwa kuliko ulivyoichora. Naamini hilo ndilo lililokuponza kwenye shuka. Simamisha futi kamba kwa ukingo wake uizungushe shingoni mwa gauni. Ukipata kipimo kidogo kuliko mzunguko wa kichwa chako, tia mpasuo wa sentimita 8 katikati ya kifua. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mshono uliokosewa hufumuliwa ukashonwa upya, lakini shingo iliyokatwa pana haina dawa ila kiraka.

Kaba uikate kwa popilini nyepesi, upana wa sentimita 6, ukifuata umbo lilelile la shingo. Baada ya kuishona, chanja chanja mshono kwa ncha ya mkasi bila kuufikia uzi, ndipo uipindue ndani na kuipiga pasi; bila kuchanja, shingo itajikunja daima.

Ubavuni, pima nyonga au kifua, popote palipo papana zaidi. Tuseme umepata 104. Ongeza 24 za nafasi, iwe 128, gawa kwa mbili, upate 64, maana yake mstari wa kila ubavu utakaa sentimita 32 kutoka katikati. Weka badani zikiwa zimegusana migongo ya kitambaa, ili mshono upite juu na pindo za pembeni zibaki nje kama mabawa. Anza sentimita 30 chini ya bega, uishie 30 kabla ya ukingo wa chini ili upate kupiga hatua. Piga bandi kwanza, yaani mshono mwepesi wa mkono, uivae, uinue mikono, uketi na kuinama. Palipokaza, sogeza mstari nje, ndipo upitishe cherehani.

Swali: Niko Mombasa. Gauni langu la leso, yaani khanga, lilipofuliwa mara ya kwanza lilirudi likawa dogo, na rangi nyekundu ikaingia kwenye kaba nyeupe. Je, chumvi ingesaidia?

Jibu: La, rangi ya leso hutiwa kiwandani, na chumvi ya jikoni haiifungi upya. Kilichokosekana ni kuifua kabla ya kuipima. Leso mpya huja na wanga unaoifanya iwe ngumu na kuonekana nzito. Iloweke peke yake usiku kucha, uisuuze mpaka maji yatoke meupe, uianike kivulini, na uipige pasi ikiwa bado na unyevu kidogo. Kitambaa cha kaba nacho kifuliwe kabla. Vipimo vyote vichukuliwe baada ya hapo.

Swali: Sina cherehani. Inawezekana kwa mkono?

Jibu: Inawezekana kabisa, na kaftani hii inafaa kwa sababu mishono yake mingi imenyooka. Mabega na mbavu zipigwe bakia ndogo ndogo, kila sindano ikirudi nyuma kabla ya kwenda mbele, kwani bandi peke yake itakatika siku ya kwanza utakapojinyoosha. Mwanzo na mwisho wa kila ubavu, chini ya kwapa na juu ya mpasuo, rudia mara tatu mahali pamoja.